SOMO LA AFYA: DAMU KATIKA CHOO SI AMIBA KILA MARA



Somo la mwezi huu ni juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja hata mbele ya daktari, yaani damu katika choo. Huku kwetu mtu akiiona husema ni amiba, au ni bawasiri, basi ananunua dawa dukani na kungoja. Mara nyingi huwa ni hayo kweli, au kichocho cha tumbo kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria na kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea. Lakini dawa zikiisha na damu bado inarudi, au choo kimebadilika kwa majuma kadhaa, mara kuhara mara kufunga, na mtu anakonda, lazima tufikirie kansa ya utumbo mpana. Huwapata zaidi waliopita miaka 50, ila vijana nao wamo. Tusimwambie mtu ati wewe bado.

Akifika hospitali ataambiwa aende maabara. Apimwe nini? Hapo ndipo tunapopotea, maana tunadhani kipimo ni kipimo tu.

Tuanze na choo. Kile kipimo tulichozoea, cha kutazama choo kwa hadubini, kinatafuta amiba na mayai ya minyoo. Kansa hakiitafuti hata kidogo. Kwa hivyo karatasi ikisema hakuna minyoo, tusishangilie bado. Kuna kipimo kingine cha kutafuta damu iliyofichika, ambayo macho hayaioni, kwa sababu uvimbe wa utumbo huvuja damu kidogo kidogo. Cha zamani hutumia karatasi yenye utomvu wa mti uitwao gwayakamu. Choo kinapakwa, dawa inadondoshwa, na kama kuna damu panageuka buluu. Shida ni kwamba hakijui damu ya nani: nyama ya mbuzi uliyokula jana yaweza kukidanganya. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aache nyama nyekundu kwa siku tatu, na alete choo cha siku tatu mbalimbali. Vidonge vya vitamini C navyo huzuia ile buluu isitokee hata damu ikiwapo. Kipimo cha kisasa hutambua damu ya binadamu peke yake, na nyama haikisumbui.

Vyote viwili husema kuna damu, sababu havisemi. Na uvimbe hauvuji kila siku, kwa hivyo "hakuna damu" si cheti cha uzima. Aliyekwisha kuona damu kwa macho yake, tena mara kwa mara, haina haja kumtafutia ile iliyofichika. Achunguzwe utumbo wenyewe.

Halafu kuna kipimo cha wingi wa damu, kile kinachoandikwa Hb. Mwanamume akiwa chini ya 13, au mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, damu imepungua. Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo mpana waweza kuvuja miezi mingi bila choo kuonyesha wekundu, na mtu huona uchovu tu, na kukosa pumzi akipanda mlima. Mama anayepata hedhi yaweza kuwa ni hedhi. Lakini baba mzima, au mama aliyekoma hedhi, akikosa madini ya chuma, asipewe vidonge vya chuma na kurudishwa nyumbani hivi hivi. Tenki likipungua maji kila siku, hatuongezi maji tu bila kutafuta panapovuja.

Kipimo cha damu kiitwacho CEA hutajwa sana na wengine hukilipia kwanza. Kitu hicho kinachopimwa kiligunduliwa na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada, mwaka wa 1965. Mvutaji sigara au mgonjwa wa ini aweza kuwa nacho kwa wingi bila kansa, na mwenye kansa aweza kuwa nacho kidogo. Kazi yake hasa ni kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kutibiwa. Kikipanda tena, daktari hushuku kansa imerudi. Fedha za harambee zisianzie hapo.

Kinachokata shauri ni biopsi. Mpira mrefu wenye taa huingizwa kwa njia ya haja kubwa, daktari hutazama utumbo na kukata vipande vidogo vya nyama. Hutiwa formalini, hukatwa vyembamba sana, hupakwa rangi, na mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Pengine jamaa hupewa chupa waipeleke maabara wenyewe. Hakikisheni jina la mgonjwa limeandikwa, na msibadilishe dawa iliyomo kwa maji, chumvi wala spiriti, maana nyama itaharibika na safari itakuwa ya bure. Majibu yakija, someni neno vizuri. Adenoma ni uvimbe ambao haujawa kansa, na ukiondolewa wote mapema waweza kuzuia kansa. Adenokasinoma ndiyo kansa. Maneno hayo yanafanana, na tofauti yake ni kubwa mno kuachia kubahatisha.

Maswali ya kuzungumzia kikundini: Ni nani kati yetu amemeza dawa ya amiba zaidi ya mara mbili mwaka huu bila kupimwa? Hospitali gani iliyo karibu inaweza kufanya biopsi, na nauli ni kiasi gani? Mgonjwa akiwa hajiwezi, nani atafuata majibu yake?