Ghala Halizai Mahindi: Gari la Hewa Iliyoshindiliwa kati ya Bungoma na Kitale

Utangulizi

Kila bei ya petroli inapopanda, nauli kati ya Bungoma na Kitale hupanda pia, na pamoja nayo gharama ya kusafirisha mahindi, maziwa na wanafunzi. Si ajabu basi kwamba habari ya gari liendalo kwa hewa imewavutia watu wengi tangu miaka ya 2000. Hewa haina bei, haitoi moshi, wala haiagizwi kutoka ng'ambo kwa meli. Makala haya yananuia kuchunguza mambo mawili: iwapo gari la namna hiyo linaweza kutumika katika barabara kama hiyo, na iwapo ni salama. Aidha, maadamu wasomaji wake ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, yanaanza kwa kulitazama jina lenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya utata wa suala hili imo ndani ya jina.

Jina na utata wake

Fundi wa magurudumu husema kwamba "anatia upepo" katika tairi, ilhali dereva humwuliza kuhusu "presha". Mwanafizikia atasema kwamba hewa imeshindiliwa na kwamba shinikizo lake limeongezeka. Kitenzi "kushindilia" kinawafaa sana wakazi wa Trans Nzoia na Bungoma, kwani ndicho kinachoeleza tendo la kuyasukuma mahindi ndani ya gunia hadi nafasi yote ijae. Hewa nayo hushindiliwa hivyo hivyo ndani ya tangi.

Utata unazuka tunapoliita gari hilo "gari la hewa". Kihusishi cha a-unganifu hubeba mahusiano mengi. Katika "jiko la mkaa", mkaa ndio unaotoa nishati. Katika "gunia la mkaa", mkaa umehifadhiwa tu. Msikilizaji aliyezoea "gari la petroli" na "gari la dizeli" atalifasiri "gari la hewa" kwa mkabala wa jiko: ataamini kuwa hewa ni fueli. Ukweli ni kinyume. Hewa haichomwi katika gari hilo. Nishati yote hutoka kwa umeme au injini iliyoiendesha kompresa, nayo hewa huihifadhi tu mpaka itakapohitajika. Kwa maneno mengine, tangi la hewa ni ghala. Ghala halizai mahindi. Mkulima hutoa kile alichokiweka, tena kikiwa kimepunguzwa na dumuzi. Ndiyo maana istilahi "gari la hewa iliyoshindiliwa", ingawa ni ndefu, ina uaminifu zaidi: hali ya kutendwa katika "iliyoshindiliwa" humkumbusha msomaji kwamba yupo aliyeshindilia, na kwamba kazi hiyo ina gharama.

Historia ya ahadi

Wazo hili si geni. Huko Nantes, Ufaransa, tramu zilizoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwa mfumo wa mhandisi Louis Mékarski zilianza kubeba abiria mwaka wa 1879, zikaendelea hadi mwaka wa 1917. Migodini pia, injini za hewa zilipendwa kwa sababu hazitoi cheche za kuwasha gesi chini ya ardhi. Katika mazingira hayo mawili safari zilikuwa fupi, na kituo cha kujazia hewa kilikuwa karibu.

Katika zama zetu, jina lililovuma ni la mhandisi Mfaransa Guy Nègre na kampuni yake ya MDI. Mwaka wa 2000 gari lao liitwalo e.Volution lilionyeshwa Johannesburg, na ikatangazwa kwamba lingeuzwa Afrika Kusini kuanzia mwaka wa 2002. Halikuuzwa. Mwaka wa 2007 kampuni ya Tata Motors ya India iliingia mkataba na MDI, na matumaini yakafufuka, lakini gari la kuuzwa kwa umma halikutokea. Nègre alifariki mwaka wa 2016 bila ya kuiona ndoto yake ikienea barabarani. Kabla ya hapo, mwaka wa 2009, watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, walichapisha tathmini iliyohitimisha kwamba gari la hewa hutumia nishati vibaya likilinganishwa na gari la betri.

Hesabu ya barabara

Hebu nadharia hii ipimwe kwa safari ya kutoka Bungoma hadi Kitale kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini. Safari hii ni ya kilomita 80 na ushei. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale takriban mita 1,900. Kwa hivyo, gari liendalo Kitale lina mlima wa mita 500 wa kuupanda.

Tuseme gari lina tangi la lita 300, na hewa imeshindiliwa hadi mara 300 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Kwa hesabu ya fizikia, hata bila ya hasara yoyote, tangi hilo haliwezi kutoa zaidi ya kilowati-saa 12 hivi, yaani yuniti 12 za umeme kama zile zinazonunuliwa kwa tokeni. Hata hivyo, hasara haikosi. Hewa ikishindiliwa hupata joto, jambo ambalo kila aliyeshika pampu ya baiskeli analijua, na joto hilo hupotea. Ikiachiliwa ndani ya mota hupoa sana, nguvu yake hupungua, na unyevu uliomo unaweza kuganda ukawa barafu. Tukikadiria kwamba nusu ya nishati inafika magurudumuni, dereva anabaki na yuniti sita.

Lita moja ya petroli ina takriban yuniti tisa za nishati, na injini ya kawaida hufaidi kama robo yake tu. Hivyo basi, tangi zima la lita 300 za hewa hufanya kazi ya chini ya lita tatu za petroli. Matatu ya abiria 14 iliyojaa, yenye uzito wa tani tatu hivi, huhitaji takriban yuniti nne kwa ajili ya kupanda mita 500 peke yake. Yuniti mbili zinazosalia haziwezi kuikokota kwa zaidi ya kilomita 80. Gari dogo jepesi la watu wawili lingejikongoja, pengine lifike Kitale, lakini lingefika likiwa limeishiwa.

Kuna hoja moja inayopaswa kutendewa haki. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo lawama kwamba gari la hewa huhamisha tu moshi kutoka barabarani hadi kwenye kituo cha makaa ya mawe haina uzito mkubwa hapa. Swali linalobaki ni la mfuko. Ili kupata yuniti sita magurudumuni, kompresa ingekula yuniti 20 au zaidi. Yuniti 20 hizo hizo zikitiwa katika betri zingerejesha takriban 15. Mwenye matatu anayelipa bili ya umeme hawezi kuipuuza tofauti hiyo.

Suala la usalama

Tairi la gari dogo huwa na shinikizo la mara mbili hadi tatu ya hewa ya nje, na hata hivyo mpasuko wake huogopesha. Tangi la gari la hewa lina mara 300. Nishati iliyomo, ikifunguka kwa ghafla, inakaribia ile ya kilo 10 za baruti kali aina ya TNT. Kwa upande mwingine, hewa haiwaki moto wala haina sumu, na matangi yaliyofumwa kwa nyuzi za kaboni huundwa ili yapasuke kwa kuvujisha hewa badala ya kurusha vipande vya chuma. Jijini Dar es Salaam, magari na bajaji nyingi hutembea na mitungi ya gesi asilia yenye shinikizo la mara 200 hivi, tena gesi ile huwaka. Kwa hivyo shinikizo kubwa halikatazi matumizi, linadai nidhamu.

Nidhamu hiyo ni ya ukaguzi. Hewa ina unyevu, na maji yanayojitenga nayo hutua chini ya tangi la chuma na kulitia kutu kwa ndani, mahali jicho lisipofika. Ndiyo sababu tangi la kompresa katika karakana halina budi kumwagwa maji mara kwa mara, na mtungi wa shinikizo kubwa kupimwa kwa vipindi maalumu kwa kujazwa maji. Hatari kubwa basi ni tangi kuukuu lililotiwa viraka na kurudishwa kazini.

Hitimisho

Imebainika kwamba gari la hewa iliyoshindiliwa linawezekana, na kwamba usalama wake unaweza kudhibitiwa palipo na ukaguzi wa dhati. Lisilowezekana ni kuigeuza hewa kuwa fueli ya bure. Mahali pake ni kwenye safari fupi, katika uwanda, karibu na kompresa. Wala hewa haijakosa kazi Magharibi mwa Kenya: malori yaelekeayo Malaba kupitia Webuye na Bungoma husimamishwa na breki za hewa hiyo hiyo, na mafundi hufungulia nati za magurudumu kwayo. Kwa anayetaka kuiepuka petroli kati ya Bungoma na Kitale, betri ndiyo njia iliyo karibu zaidi, kama pikipiki na mabasi ya umeme yalivyoanza kuonyesha nchini.

Kwa msomi wa Kiswahili kuna funzo la ziada. Neno "bodaboda" lilizaliwa mipakani, Busia na Malaba, kwa sababu watumiaji walikitaja kile walichokiona. Istilahi za teknolojia mpya zastahili uangalifu huo huo. Anayetafsiri tangazo na kuandika "gari linalotumia hewa badala ya mafuta" amekwisha kumwuzia msomaji gari hilo, kabla msomaji hajapata nafasi ya kuuliza ni nani aliyeishindilia hewa hiyo, na kwa bei gani.