Kijana wa Mtoni na Kazi ya Kuwaongoza Wavuvi

Huku chini ya Mlima Kenya na Nyandarua vijana wengi wanamjua trauti kwa njia mbili: kumvua kwa wavu usiku, au kumbebea mgeni mizigo yake ya uvuvi. Iko njia ya tatu, na hiyo ndiyo yenye pesa ya halali: kumwongoza mgeni anayevua kwa nzi bandia.

Trauti si samaki wa hapa. Aliletwa mwaka wa 1905 na Mwingereza Ewart Grogan, akatiwa katika mto Gura, Nyandarua. Hupenda maji baridi yanayokimbia.

Nzi bandia ni ndoana iliyofungwa manyoya na uzi ifanane na mdudu. Ni nyepesi mno. Kinachoipeleka mbali ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene, kwa hiyo ungoje mshipi unyooke nyuma yako kabla ya kuusukuma mbele. Jifunze kwenye uwanja wa mpira, na badala ya ndoana funga kipande cha sufu.

Lakini kurusha tu hakutoshi. Wageni wengine watakushinda kurusha! Wewe unauza ujuzi wa mto. Geuza jiwe, utazame wadudu walioshikilia chini yake, kisha uchague nzi anayefanana nao. Trauti hukaa karibu na jiwe, uso wake ukielekea maji yanakotoka, akingojea chakula kiletwe. Basi mwendee kutoka upande wa chini, polepole, kivuli chako kisimwangukie. Mzee aliyechunga ng'ombe kando ya mto huo anajua vilindi vyote. Muulize.

Hapa vijana hubisha: kwa nini mgeni amwachilie samaki, na nyumbani hakuna kitoweo? Ni swali la haki. Lakini samaki aliyeliwa amelisha nyumba mara moja, na yule aliyerudishwa anaweza kukuletea mgeni mwingine, ulipwe siku nzima. Bana kijino cha ndoana kwa koleo, lowesha mikono kabla ya kumshika, na usimkawize nje ya maji.

Hakikisheni leseni ya uvuvi, na ruhusa ya KWS mkiingia hifadhini, kabla ya kushika njia. Msituni kuna nyati na tembo. Pigeni kelele penye kichaka, hata mgeni akinuna.

Malipo mkubaliane asubuhi, si jioni, na bakshishi isihesabiwe kuwa mshahara. Anayetaka cheti aulize juu ya mitihani ya chama cha waongozaji, KPSGA: shaba, fedha, na dhahabu. Haihusu trauti hasa, ila kiongozi huulizwa pia jina la ndege anayelia juu ya mti. Anza na shaba.