Mbu, Degedege na Usubi: Mandhari na Vimelea vya Damu katika Msamiati wa Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili uhusiano baina ya mandhari, vimelea vya damu na majina ya maradhi katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Wanabiolojia wamekwisha kuonyesha kwamba maambukizo ya vimelea katika damu ya ndege wa mwituni hutegemea mwinuko, joto, maji na uoto wa mahali. Hoja yetu ni kwamba majina ya maradhi nayo hubeba nadharia fulani ya mazingira, na kwamba nadharia hiyo huathiri uamuzi wa mzazi au mfugaji anapotafuta tiba. Kwa hiyo suala la istilahi hapa si pambo la wanaisimu.

2.0 Ndege, mwinuko na wadudu

Vimelea vya damu vya ndege vilivyochunguzwa zaidi ni vya makundi matatu: plasmodia, hemoproteasi na leukositozoa. Plasmodia huenezwa na mbu. Hemoproteasi huenezwa na visubi wadogo wa matopeni pamoja na nzi-chawa wanaojificha manyoyani. Leukositozoa huenezwa na usubi wa mitoni, ambao mabuu wao huhitaji maji yaendayo kasi. Hivyo ndege wawili wa jamii moja, mmoja akiishi kando ya bwawa na mwingine kwenye korongo la mlimani, waweza kuwa na vimelea tofauti kabisa.

Joto nalo ni kipingamizi kikubwa. Damu ya ndege daima ina joto, lakini kimelea hulazimika kukua kwanza ndani ya mdudu, ambaye joto lake ni lile la hewa inayomzunguka. Plasmodia ya ndege iliyoenea zaidi duniani haikui ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Ile iletayo malaria kali ya binadamu hukoma kati ya nyuzi 16 na 18. Visiwa vya Hawaii ndivyo mfano unaotajwa mara nyingi: baada ya mbu kuingizwa huko katika karne ya 19, ndege wengi wa asili walitoweka katika nyanda za chini, na baadhi ya waliosalia wakabaki milimani.

Mantiki hiyohiyo yaonekana Korogwe. Mji wenyewe upo katika bonde la mto Pangani, kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake Milima ya Usambara inapanda hadi kupita mita 2,000. Tafiti zilizofanyika katika miteremko hiyo zimethibitisha kuwa uambukizaji wa malaria hupungua sana kadiri mtu anavyopanda. Mwendo wa siku moja kwa miguu watosha kumtoa mtu katika homa na kumfikisha penye baridi.

3.0 Jina lililotangulia maabara

Watu wa milimani walilijua jambo hili. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1897, aliandika mwaka 1898 kwamba wenyeji wa Usambara waliposhuka nyanda za chini walirudi na homa, wakasema imeletwa na wadudu waitwao mbu, na homa yenyewe wakaiita mbu. Mwaka huohuo Ronald Ross alithibitisha mjini Calcutta, kwa kutumia shomoro na ndege wengine, kuwa mbu ndiye mwenezaji wa malaria ya ndege. Uthibitisho kuhusu binadamu ukakamilishwa na Waitalia mwishoni mwa mwaka.

Tusikuze mno jambo hili. Kumtaja mbu si sawa na kukijua kimelea, na baadhi ya waandishi wamelisifu jina hilo kana kwamba lilikuwa ugunduzi wa maabara. Hata hivyo, kisemantiki ni taashira iliyo sahihi: chanzo kimesimama badala ya tokeo. Linganisha na neno *malaria*, ambalo asili yake ya Kiitalia ni hewa mbaya. Ajabu ni kwamba jina lililoshinda katika Kiswahili cha hospitali ni lile lenye nadharia iliyokwisha kukanushwa.

Jina la aina ya *mbu* bado linaishi. Ugonjwa wa upofu wa mitoni, unaopatikana katika miteremko ya Korogwe, Muheza na Lushoto, huitwa *usubi*, kwa jina la mdudu wake. Minyoo yake michanga hukaa zaidi katika ngozi kuliko damu, lakini kwa mwanaisimu kanuni ni ileile.

4.0 Degedege

Kinyume chake ni *degedege*. Yaelekea neno hili limetokana na *dege*, ukubwa wa *ndege*, kwa uradidi. Katika pwani linataja mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, na katika imani ya wengi husababishwa na pepo mwenye umbo la ndege apitaye juu ya mtoto. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1996, walionyesha kwamba wazazi waliitenga degedege na homa ya kawaida, wakaipeleka kwanza kwa waganga wa jadi, wengine wakiamini kuwa sindano humwua mtoto wa namna hiyo. Kumbe mara nyingi ni malaria iliyokithiri, ambayo haimpi mzazi muda wa kusubiri.

Hapa jina limemwondoa mbu kabisa na kumweka ndege mahali pake. Kulikataza neno hakutafaa kitu. Linaeleza dalili kwa usahihi ambao neno *homa* halina. Linalohitajika ni kulifunga na chanzo chake, kwa mfano kusema *degedege ya malaria*, ili mzazi asiyaone kuwa maradhi mawili.

5.0 Handeni: nagana na ndigana

Katika Handeni mandhari hubadilishwa na watu. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, ameeleza jinsi Wazigua walivyomzuia mbung'o kwa kulima, kufyeka na kukaa pamoja, na jinsi sotoka ya ng'ombe na njaa za miaka ya 1890 zilivyovunja mpango huo. Vichaka vilirudi, mbung'o akafuata. John Ford alikwisha kutoa hoja ya namna hiyo kwa Afrika nzima mwaka 1971.

Msamiati wa mfugaji una mtego wake. *Nagana*, neno la asili ya Kizulu, ni ugonjwa wa ng'ombe uletwao na mbung'o. *Ndigana kali* na *ndigana baridi* ni maradhi mengine, na yanaenezwa na kupe. Sauti zinakaribiana mno, na dawa ya nagana haitibu ndigana kali. Mfugaji akisema dukani neno moja na muuzaji akasikia jingine, hasara ni ya ng'ombe. Tungependekeza matumizi ya *ndorobo* au *ugonjwa wa mbung'o* badala ya *nagana* katika maandiko ya ugani.

6.0 Kazi iliyobaki

Orodha za maneno ya Kizigua, Kishambaa na Kibondei zikusanywe pamoja na mahali na msimu, yaani neno hili hutumika mlimani au nyikani, wakati wa masika au wa vuli. Haja ya kwanza ni katika neno *usubi* lenyewe. Kiswahili sanifu hulitumia kwa mdudu wa matopeni na migomba iliyooza, na pia kwa yule wa maji yaendayo kasi. Mtafiti wa ndege hawezi kueleza tofauti ya hemoproteasi na leukositozoa kwa neno hilo moja. Kwa sasa twapendekeza *usubi wa tope* na *usubi wa mto*, hadi hapo wazee wa mabonde ya Usambara watakapoulizwa wao wanawaitaje.