Amplifaya Inayonguruma: Tuzuie Kelele Mlangoni

Vikundi vingi vina amplifaya ya kukodisha kwa harusi, matanga na harambee. Simu ikilia karibu, spika zinaanza "trrr, trrr", na anayehutubia hasikiki. Mteja akikataa kulipa, kikundi kimepata hasara. Basi tujifunze sababu na dawa yake.

SABABU
Simu inapotumia mtandao wa 2G hutuma mawimbi ya redio vipande vipande, kama mara 217 kwa sekunde. Waya wa maiki huyanasa kama eriali. Mawimbi yenyewe hatuwezi kuyasikia, lakini yakifika kwa transista ya kwanza, ule mpigo wa 217 hugeuka kuwa sauti. Hapo tumechelewa, kwa maana amplifaya huikuza kelele pamoja na maneno.

TUPIME KWANZA
Weka simu inayopiga karibu, kisha chomoa maiki. Kelele ikiisha, ilipitia waya wa maiki. Ikiwa sauti imepunguzwa hadi mwisho na kelele bado ipo, inaingilia kwingine, labda waya za spika au za stima.

DAWA
1. Tumia waya wa maiki wenye wavu wa chuma, na plagi ya pini tatu kama amplifaya inaikubali.
2. Mwambie fundi aweke rezista ya omu 1,000 njiani mwa sauti, kisha kapasita ya pikofaradi 100 kutoka hapo hadi grandi. Sauti ya mtu itapita; mawimbi ya redio yataelekezwa kando.
3. Vifaa hivyo vikae karibu kabisa na transista ya kwanza, miguu yake ikiwa mifupi. Mguu mrefu nao ni eriali.
4. Sanduku liwe la chuma, lililofungwa vizuri.

HATARI!
Mvumo mzito wa "mmm" ni jambo lingine. Mara nyingi watokana na stima. Mafundi wengine hukata waya wa athi, ule wa kijani na manjano, ili mvumo uishe. Msikubali kamwe! Kukitokea hitilafu, sanduku laweza kushika volti 240, na mwenye maiki mkononi akafa. Afadhali kelele kuliko matanga mengine.

TUJADILIANE
Je, waya wa athi wa amplifaya yetu ni mzima? Nani ataukagua kabla ya kila kukodisha?