Dawa za Matende: Kwa Nini ni za Bure, na Kwa Nini Zimezwe Papo Hapo

Mhudumu wa afya ya jamii anapobisha hodi akiwa na tembe za kuzuia matende na mabusha, swali analoulizwa mara nyingi si kuhusu mbu wala minyoo. Huulizwa: mbona ni za bure? Ni swali la haki, kwa sababu watu wamezoea kununua hata dawa ya kichwa dukani. Asiyepata jibu huzipokea kwa adabu, akaziweka chini ya mto, na mgeni akishaondoka huzitupa.

Dawa zenyewe ni mbili. Albendazoli, ile ile wanayopewa watoto shuleni kuondoa minyoo ya tumbo, hutolewa na kampuni ya GSK ya Uingereza, ambayo mwaka 1998 iliahidi kuitoa bila malipo hadi matende yatokomezwe. Ya pili, DEC, hutolewa na kampuni ya Eisai ya Japani tangu mwaka 2013 kupitia Shirika la Afya Duniani (WHO). Si dawa za majaribio. DEC imetumika kutibu watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kampuni hizo hazichagui kijiji wala nyumba. Wizara ya Afya ndiyo huwasilisha ombi kwa WHO, ikieleza watu wangapi wanahitaji dawa, wangapi walimeza katika awamu iliyopita na tembe ngapi zimebaki. Mtu akiandikwa kuwa amemeza ilhali tembe ziko chini ya mto, hesabu hiyo huwa ya uongo, na kijiji chenye ugonjwa huonekana kuwa salama. Ndiyo maana mhudumu husimama mlangoni akisubiri aone umemeza.

Matende huletwa na minyoo wembamba kama uzi wanaoishi ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka kadhaa. Huzaa minyoo wachanga ambao huzunguka kwenye damu usiku, wakati mbu wanauma. Mbu humfyonza mmoja na kumpelekea mwingine. Dawa husafisha minyoo wachanga kwenye damu, lakini haiwaui wakubwa wote, na waliobaki huanza kuzaa tena. Kwa hiyo WHO hupendekeza dawa itolewe kila mwaka kwa angalau miaka mitano, na kila mara imezwe na watu wasiopungua 65 kati ya kila 100 katika eneo zima, wagonjwa na wazima. Mwenye minyoo anaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote huku akiwagawia majirani.

Ugawaji ulianza Kilifi mwaka 2002 na kufika Kwale mwaka 2003, lakini baadaye kuna miaka iliyopita bila dawa kutolewa. Kila pengo la namna hiyo liliwapa minyoo nafasi ya kuzaliana. Mwaka 2018, huko Lamu na Jomvu, Mombasa, iliongezwa dawa ya tatu, ivamektini, ambayo pia ni msaada, kutoka kampuni ya Merck ya Marekani.

Wenye jamaa Tanga wameona kwamba kule hutumika ivamektini na albendazoli bila DEC, na wengine hudhani Kwale hupewa dawa hafifu. Sivyo. Tanzania ina maeneo yenye usubi, ugonjwa unaopofusha macho, na DEC inaweza kumdhuru mwenye usubi. Kenya iliuondoa ugonjwa huo kwa kuwaangamiza nzi wanaoueneza, katika miaka ya 1940 na 1950.

Baada ya kumeza, wengine hupata homa, kichwa kuuma au kizunguzungu. Mara nyingi hiyo ni dalili ya minyoo wanaokufa, na huisha baada ya siku chache; ikizidi, mgonjwa afike zahanati. Wajawazito, wagonjwa mahututi na watoto walio chini ya miaka miwili hawapewi. Pale dawa zinapotolewa zote tatu, walio chini ya miaka mitano pia huachwa.

Kuna jambo moja ambalo tembe haziwezi, na ni vyema lisemwe wazi: mguu uliokwisha kuvimba hautarudi ulivyokuwa. Huoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, hukaushwa vizuri hasa katikati ya vidole, na huinuliwa mtu akiketi au akilala. Viatu huzuia vidonda. Mabusha, au mshipa kama wengi wanavyoita, hutibiwa kwa upasuaji, na mwanamume aliyeacha kwenda baharini au msikitini kwa haya anaweza kurudi kwenye shughuli zake. Aanzie zahanati iliyo karibu, aandikiwe rufaa.

Aliyekuwa safarini siku ya ugawaji amtafute mhudumu wa kijiji chake kabla ya zoezi kufungwa.