Somo: Malipo ya Fundi Bomba

Koki ya maji ikivuja nyumbani, tunamwita fundi bomba. Akimaliza kazi, anataja bei. Je, bei hiyo ni ya haki? Tutajuaje?

Malipo ya fundi yana sehemu tatu: vifaa, nauli na ufundi. Mwombe ataje kila sehemu peke yake kabla hajaanza kazi. Bei ya vifaa unaweza kuiuliza dukani. Nauli unaijua. Kinachobaki ni ufundi. Hapo ndipo pa kupatana.

Tazama hesabu hii. Bei ni za mfano tu.

Mpira wa koki: sh. 500
Nauli, kwenda na kurudi: sh. 2,000
Ufundi: sh. 5,000
Jumla: sh. 7,500

Mara nyingi koki huvuja kwa sababu mpira mdogo wa ndani umechakaa. Fundi akisema lazima ununue koki nzima, mwambie aifungue mbele yako akuonyeshe palipoharibika. Kifaa cha zamani ni mali yako, mwombe akuachie. Kwa kifaa kipya, mwombe stakabadhi ya duka.

Lakini tusimpunje fundi. Kazi yaweza kuisha kwa nusu saa, bali ujuzi aliutafuta kwa muda mrefu. Spana na msumeno wake alivinunua kwa fedha zake.

Kumbuka: patana bei kabla ya kazi, si baada ya kazi.

Maswali
1. Malipo ya fundi yana sehemu ngapi? Zitaje.
2. Fundi mwingine anadai sh. 12,000 kwa kazi hiyo hiyo. Bei yake imezidi kwa shilingi ngapi? Utamwuliza nini?