Dondoo muhimu: Kuweka makalavati ya Vigwaza kwenye ramani

QGIS ni programu ya ramani isiyolipiwa, na inamtosha kabisa mwanagenzi anayeanza kuorodhesha miundombinu ya Vigwaza, katika Halmashauri ya Chalinze. Kwanza ajue mali ni ya nani: Barabara ya Morogoro iko chini ya TANROADS, na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Safu za ramani zitenganishwe vivyo hivyo.

Linalosumbua zaidi ni mfumo wa majira ya nukta. Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa Arc 1960, ilhali GPS ya simu hutumia WGS 84. Zikichanganywa bila kubadilishwa, kalavati huhama takriban mita 300 na kuangukia shambani kwa mtu. Kanda ya Vigwaza ni UTM 37 Kusini.

Kila kalavati lipewe namba isiyorudiwa, kipenyo, aina (zege au bati), picha ya mdomo wake na tarehe ya ukaguzi. Tarehe isiachwe kamwe: kalavati lililoandikwa “zima” wakati wa kiangazi huenda likaonekana limejaa mchanga masika yakianza.